Njia Panda ya Kibaoni: Maneno ya Kawaida na Historia ya Matabaka

Utangulizi

Katika mafunzo yetu ya itikadi tumezoea kuchunguza ardhi, mtaji, mashine na nguvukazi. Ni mara chache tunakaa kitako kuyachunguza maneno, na ni mara chache zaidi kuyachunguza yale maneno madogo ambayo kila mtu huyatamka bila kufikiri. Makala hii inajaribu kuziba sehemu ndogo ya pengo hilo. Tunakusudia kuonyesha jinsi lugha ya Kiingereza ilivyopata maneno yake ya kutajia vitu na watu wa kawaida, na kwa nini mengi ya maneno hayo yameishia kuwa matusi. Kisha tutajiuliza kama Kiswahili chetu kimeiepuka njia hiyo au kinaifuata.

Tuanzie mahali panapofahamika. Msafiri anayetoka Mpanda mjini kwa barabara ya kusini hupita Sitalike, huvuka Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na kufika Kibaoni. Hapo njia hugawanyika. Moja inaendelea kuelekea Kizi na Sumbawanga. Nyingine inakwenda Majimoto na Inyonga. Jina lenyewe halina fumbo: ni mahali penye kibao. Zipo Kibaoni nyingine nchini, ikiwamo ile ya Ifakara, na hakuna anayezishangaa. Wananchi hutaja mahali kwa kitu wanachokiona hapo, basi.

Sasa mwanafunzi wa sekondari wa hapo akifungua kamusi ya Kiingereza atakutana na neno "trivial". Ataambiwa maana yake ni jambo dogo, hafifu, lisilostahili kupotezewa muda. Asili ya neno hilo ni Kilatini: "trivium", yaani mahali zinapokutana njia tatu. Kwa Waroma, jambo la njia panda lilikuwa jambo la kila mpita njia, na kwa hiyo halikuwa na hadhi. Wapo wanaolihusisha neno hilo pia na masomo matatu ya mwanzo katika shule za kale za Ulaya, lakini masomo hayo nayo yaliitwa kwa jina la hizo njia tatu. Kwa kipimo hicho, Kibaoni ni mahali pasipo na uzito kwa sababu tu ni njia panda.

Katika Kiswahili tunasema kinyume chake. Mtu aliye njia panda hana jambo dogo mbele yake. Ana uamuzi mzito wa kufanya. Lugha mbili zimetazama mahali pamoja, na zimetoa hukumu mbili. Swali letu ni hili: hukumu za namna hiyo hutoka wapi?

Lugha ya mabwana na lugha ya wakulima

Mwaka 1066 William wa Normandie alivuka bahari na kuiteka Uingereza. Kwa miaka mingi baada ya hapo makabaila, mahakimu na maaskofu walisema Kifaransa, na wakulima waliendelea kusema Kiingereza chao cha kale. Jambo hili liliacha alama mpaka katika chungu cha kupikia. Ng'ombe, nguruwe na kondoo waliitwa, na bado wanaitwa, kwa majina ya Kiingereza cha mkulima aliyewachunga: "cow", "swine", "sheep". Nyama yao inapofika mezani huitwa kwa majina yenye asili ya Kifaransa: "beef", "pork", "mutton". Aliyechunga alikuwa na jina la mnyama, na aliyekula alikuwa na jina la nyama.

Tukiendelea kuchimba tunaona kwamba sehemu kubwa ya maneno ya Kiingereza ya kusifu tabia yalitoka kwenye nyumba ya bwana. "Gentle", yaani mpole, kwanza lilimaanisha mtu wa ukoo mkubwa. "Generous", yaani mkarimu, nalo lilimaanisha aliyezaliwa katika nasaba bora. "Courteous", yaani mwenye adabu, ni mtu aliyelelewa katika baraza la mfalme. Upande wa pili maneno ya kulaumu yalitoka shambani. "Villain", ambalo leo ni mwovu, jambazi wa kwenye hadithi, asili yake ni mtu wa "villa", yaani mfanyakazi wa shamba kubwa la kabaila. "Churl", ambalo leo ni mtu mkorofi asiye na heshima, zamani lilikuwa jina la heshima la mwananchi huru wa daraja la chini. "Boor", yaani mtu wa hovyo asiyejua kukaa na watu, ni ndugu wa neno la Kiholanzi la mkulima, lile lile ambalo Makaburu wa Afrika Kusini walijiita. "Humble", yaani duni au mnyenyekevu, linatokana na neno la Kilatini la udongo. "Pedestrian" ni mtu aendaye kwa miguu, na vile vile ni kitu kisicho na ladha wala ubunifu. Mwenye farasi ndiye aliyeamua kwamba mwendo wa miguu hauna ladha.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni neno "banal", ambalo Kiingereza kilichukua kutoka Kifaransa, likimaanisha jambo lililochakaa kwa kurudiwa. Katika sheria za ukabaila wa Ufaransa neno hilo lilihusu kinu cha kusagia nafaka na tanuri la kuokea mikate. Mkulima alilazimishwa kusaga katika kinu cha bwana na kuoka katika tanuri la bwana, na kulipa ushuru kwa kila mara. Kwa kuwa kila mtu alilazimika kulitumia, tanuri hilo lilikuwa la wote, na kilichokuwa cha wote kikaitwa kisicho na thamani. Mkulima alinyonywa kwanza kwa ushuru, halafu jina la unyonyaji huo likageuzwa kuwa jina la uhafifu wake.

Wakulima hawakukubali hali hiyo kimya kimya. Mwaka 1381 maelfu yao waliingia London wakidai, pamoja na mambo mengine, kwamba utumwa wa kufungwa kwenye ardhi ya bwana ukomeshwe. Mfalme Richard wa Pili, aliyekuwa kijana wa miaka 14, aliwapa ahadi kwa maandishi. Kiongozi wao Wat Tyler alipouawa na umati kutawanywa, ahadi zile zilifutwa. Kufungwa kwenye ardhi kulififia baadaye polepole, lakini neno "villain" halikurudi kwenye maana yake ya zamani. Historia inatufunza hapa kwamba dharau huweza kudumu katika neno hata pale mfumo ulioizaa ulipokwisha kufa.

Neno "common" na ardhi ya wote

Neno "common" lina historia inayotuhusu zaidi, maana linagusa ardhi. Asili yake ni Kilatini na maana yake ya kwanza ni kitu cha pamoja, mali ya wote. Kiingereza cha kale kilikuwa na neno lake chenyewe kwa wazo hilo hilo, neno ambalo leo ni "mean". Yote mawili yalianza na maana ya ushirika. Yote mawili yaliteremka. Leo kumwita mtu "common" ni kumwambia hana malezi, na kumwita "mean" ni kumwambia ni bahili au ana roho mbaya.

Katika vijiji vya Uingereza ya zamani ilikuwapo ardhi iliyoitwa kwa neno hilo la "common". Mwanakijiji alikuwa na haki ya kulisha mifugo yake hapo, kuokota kuni na kukata majani. Haki hizo hazikuwa zawadi ya bwana. Zilitokana na desturi ya miaka mingi. Wenye mashamba makubwa walipoona faida ya sufu na baadaye ya kilimo cha biashara, walianza kuizungushia ardhi hiyo ua. Kati ya 1604 na 1914 Bunge la Uingereza lilipitisha zaidi ya sheria 5,200 za kuzungushia ua ardhi za namna hiyo. Aliyekuwa na ng'ombe mmoja na haki ya malisho alibaki na mikono mitupu, akaenda kuiuza nguvu yake viwandani.

Tusiseme kwamba ua ndio pekee ulioshusha neno hilo, maana dharau ilianza mapema. Lakini ni dhahiri kwamba neno lenye maana ya mali ya wote haliwezi kubaki na heshima katika nchi ambayo mali ya wote inageuzwa kuwa mali ya wachache. Mwenye ua huona kilicho cha wote kuwa ni kitu kisicho na mwenyewe. Viwanda navyo vikaongeza msamiati wao. Bidhaa iliyotoka kiwandani bila kuchaguliwa ubora iliitwa kwa maneno yenye maana ya "iliyotoka kinuni tu", na maneno hayo yakawa njia nyingine ya kusema kitu ni cha kawaida.

Ilikuwapo pia nafasi ambapo neno hili lilinyanyuka. Mwaka 1649, baada ya mfalme Charles wa Kwanza kukatwa kichwa, Uingereza ilijitangaza kuwa "Commonwealth", yaani dola ya ustawi wa wote, na Baraza la Makabaila likafutwa. Mambo hayo yaliisha 1660 ufalme uliporudishwa. Jina lilibaki, na karne ya 20 likapewa umoja wa nchi zilizotawaliwa na Uingereza. Kiswahili kimelitafsiri kuwa Jumuiya ya Madola. Tafsiri hiyo ina ukweli wake: "wote" wametoweka, "ustawi" umetoweka, na yamebaki madola.

Msamiati huo ulipofika Tanganyika

Waingereza walipopewa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walikuja na msamiati huo uliokwisha kupikwa katika matabaka ya kwao. Sasa aliyewekwa mahali pa yule mkulima wa Kiingereza alikuwa Mwafrika. Neno lake rasmi lilikuwa "native". Maana yake ya asili haina ubaya wowote: ni mtu aliyezaliwa mahali fulani. Lakini liliandikwa katika sheria za mabaraza, za mahakama na za kodi, likawa jina la daraja la chini katika mishahara, hospitali, shule na hata viti vya garimoshi. Nyumbani kwa afisa, mzee mwenye wajukuu aliitwa "boy".

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 inafaa kuchunguzwa kwa makini. Ilitamka kwamba ardhi yote ya nchi ni ya umma, na kwamba itashikwa na Gavana kwa matumizi na manufaa ya pamoja ya wenyeji, moja kwa moja au vinginevyo. Neno lililotumika kwa "pamoja" lilikuwa lile lile "common". Kwa sikio lisilozoea, sheria hiyo ni ya huruma. Lakini aliyeamua manufaa ya pamoja ni nini hakuwa mwenyeji, alikuwa Gavana. Mwaka 1951 Wameru wa Engare Nanyuki walihamishwa kwa nguvu ili kuwapisha walowezi wa kizungu, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda Umoja wa Mataifa kuieleza dunia. Neno la pamoja lilikuwapo katika sheria siku nyumba zilipochomwa. Halikuzuia kitu, kwa kuwa waliotajwa nalo hawakuwa na mamlaka juu yake.

Mijini nako utengano uliandikwa kwa majina ya mitaa: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Haya yalikuwa maneno ya Kiswahili, lakini mpango ulikuwa wa mkoloni. Mpaka leo mtu akisema nyumba iko uswahilini hatoi habari za lugha inayosemwa hapo, anatoa habari za mitaro, vumbi na msongamano.

Kiswahili nacho kina historia yake

Ingekuwa rahisi kuishia hapa na kuilaumu lugha ya mkoloni. Lakini uchambuzi usiojikosoa ni propaganda tupu. Kiswahili nacho kilikulia katika jamii zenye matabaka, na kina alama zake.

Katika miji ya pwani aliyezaliwa huru aliitwa muungwana. Tabia zake zikaitwa uungwana, na mpaka leo neno hilo ndilo tunalotumia kusifu adabu. Mtu wa bara, ambaye ndiye aliyekamatwa na kuuzwa, aliitwa mshenzi, na mpaka leo neno hilo ni tusi. Huo ni mpango ule ule wa "gentle" na "villain": sifa kwa mwenye nyumba, lawama kwa anayemtumikia. Neno ustaarabu nalo hufafanuliwa kuwa limetokana na kufuata mwenendo wa Waarabu, kana kwamba aliye mbali na Mwarabu yuko mbali na utu.

Walioonewa na maneno hayo, hata hivyo, walijua kuyanyang'anya. Katika karne ya 19 misafara ilitoka pwani kupitia Tabora hadi Ujiji, na mingine ikafika Karema kando ya Ziwa Tanganyika, katika nchi ambayo leo ni Katavi. Wapagazi na askari wa misafara hiyo, wengi wao watu wa bara na wengine waliokuwa watumwa, walijiita waungwana. Hawakungoja kupewa cheo hicho. Jina hilo lilivuka ziwa pamoja nao, na Kiswahili cha mashariki ya Kongo kikajulikana kwa muda mrefu kuwa Kingwana. Utumwa ulipopigwa marufuku kisheria Tanganyika mwaka 1922, wale waliodharauliwa kuwa washenzi walikuwa wamekwisha kuipeleka lugha hii mbali kuliko mabwana wao walivyoweza kuipeleka.

Tuyaangalie na maneno ya siku hizi. Mshamba ni mtu wa shamba. Katika nchi ambayo tangu uhuru imesema kilimo ndicho uti wa mgongo wake, mshamba ni mtu asiyejua kuvaa, kuvuka barabara wala kuzungumza. Hapo tumemzaa "villain" wetu wenyewe, bila Mnormandi na bila kabaila wa Kiingereza. Kumtukana mtu kwa kazi inayotulisha ni kasumba, na haisaidii kusema kwamba ni mzaha tu.

Neno kienyeji nalo lina funzo. Asili yake ni mwenyeji, mtu mwenye mahali pake, anayempokea mgeni. Lakini tulipoanza kusema dawa za kienyeji, pombe ya kienyeji, mbinu za kienyeji, tulikuwa mara nyingi tunasema vitu duni visivyopimwa. Kisha jambo likageuka sokoni: leo kuku wa kienyeji huuzwa kwa bei kubwa kuliko kuku wa kisasa, na mnunuzi wa mjini humtafuta. Neno halikuinuliwa na hotuba. Liliinuliwa na thamani ya kitu chenyewe ilipotambuliwa.

Wala tusikosee tukadhani tatizo ni kukopa maneno. Mkulima wa Kibaoni anaendesha baiskeli, neno la Kiingereza, akiwa na blanketi kwenye keria. Anaketi kwenye meza, neno la Kireno. Anampeleka mtoto shule, neno la Kijerumani. Anasoma kitabu, neno la Kiarabu. Maneno hayo yameingia, yamevaa sauti zetu na yanafanya kazi. Kukopa jina la kitu si aibu kwa lugha yoyote, na Kiingereza chenyewe kimekopa kuliko tulivyokopa sisi. Linalotakiwa kukaguliwa mpakani ni dharau inayosafiri ndani ya neno.

Kawaida maana yake ni msingi

Je, Kiswahili kina nini cha kutufaa? Tulitazame neno kawaida lenyewe. Asili yake ni Kiarabu, katika jamii ya maneno yenye maana ya msingi wa jengo, kanuni, kitu ambacho vingine hukaa juu yake. Neno desturi, lenye asili ya Kiajemi, nalo lilibeba maana ya kanuni. Katika Kiswahili cha zamani kufuata kawaida ni kufuata utaratibu unaojulikana na wote. Kiingereza kina neno linalokaribia hapo, "ordinary", ambalo asili yake ni mpangilio. Lakini Kiingereza kililiacha likateremka, na sisi bado tuna nafasi ya kukumbuka kwamba cha kawaida ni kile kinachobeba nyumba.

Waliopigania uhuru waliliona jambo hili. Neno mwananchi halikumweka mtu chini ya mtawala kama lilivyofanya neno raia, ambalo katika asili yake ya Kiarabu lilihusu wale wanaochungwa. Mwananchi ni mwana wa nchi, mwenye haki ya urithi. TANU ilipotumia "ndugu" mahali pa "bwana" na "mheshimiwa", haikuwa inatafuta ufupi. Mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, Makamu wa Pili wa Rais Rashidi Kawawa alitangaza Kiswahili kitumike katika shughuli zote za Serikali, na Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulimkataza kiongozi majivuno, dharau na anasa, ukijua kwamba dharau huanzia mdomoni.

Mwalimu Nyerere alionyesha kwa vitendo kwamba kuchagua neno ni kuchagua msimamo. Mwaka 1963 ilitoka tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare, "Julius Caesar", mchezo unaoanza na wakubwa wakiwakemea barabarani seremala na fundi viatu wasio na majina. Mwaka 1969 alitoa "Mabepari wa Venisi". Mhusika wa jina la Kiingereza ni mfanyabiashara tu. Neno bepari nalo, kwa asili yake ya Kihindi, ni mfanyabiashara. Lakini Watanzania wa 1969 walikuwa wamekwisha kulipa maana nyingine, na mfasiri alilijua hilo. Neno moja juu ya jalada lilimweleza msomaji asimame upande gani.

Kibaoni nayo imetoa mfano wake. Mizengo Pinda, aliyezaliwa 1948 na ambaye kwao ni huko huko, alikuwa Waziri Mkuu kuanzia 2008 hadi 2015, na alifahamika nchi nzima kwa kujiita mtoto wa mkulima. Katika Uingereza ya 1381 maneno hayo yangemfungia mtu mlango wa baraza. Katika Tanzania yalikuwa sifa ya kusimama nayo Bungeni. Hayo ni mafanikio ya kihistoria, wala si madogo. Lakini sifa ya namna hiyo ni deni pia. Kila kiongozi anayejitambulisha kwa jina la mkulima anampa mkulima haki ya kumpima kwa jembe lake.

Maneno yanayogusa kijiji leo

Msomaji anaweza kusema kwamba haya yote ni mambo ya kamusi. Sivyo. Sheria mbili za ardhi za mwaka 1999 ziligawa ardhi ya Tanzania katika mafungu matatu: ya kijiji, ya hifadhi, na ya jumla. Ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na Mkutano Mkuu wa Kijiji una sauti yake. Lakini Sheria ya Ardhi Na. 4, katika kufafanua ardhi ya jumla, iliingiza ndani yake ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumiwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 haikuweka maneno hayo katika ufafanuzi wake. Maneno ya Kiingereza yaliyotumika, "unoccupied or unused", ni ya kawaida kabisa. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anayaelewa.

Sasa twende nayo upande wa Inyonga, nchi inayojulikana kwa asali. Msitu wa miombo wenye mizinga juu ya miti hauna nyumba, hauna matuta wala ua. Mtu wa gari akipita atasema hautumiwi. Vivyo hivyo shamba lililopumzishwa ili lirudishe rutuba, bonde la malisho ya kiangazi, na pori la kuchimba dawa. Mwenye kijiji anajua kila mti. Mwenye karatasi anaona nafasi tupu. Nani ana haki ya kutamka kwamba ardhi fulani haitumiwi? Hili ndilo swali lile lile la malisho ya Uingereza na la Engare Nanyuki, na limejificha ndani ya maneno mawili ya kila siku.

Kwa sababu hiyo lugha ya sheria si pambo. Mwaka 1362 Bunge la Uingereza liliamuru kesi ziendeshwe kwa Kiingereza, kwa kuwa watu hawakukijua Kifaransa kilichotumika mahakamani. Sheria hiyo yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa. Wanasheria waliendelea na Kifaransa chao na Kilatini chao katika vitabu na kumbukumbu, hadi sheria nyingine ilipokomesha jambo hilo kuanzia 1733. Kati ya amri na utekelezaji ilipita miaka 371. Tanzania ilibadilisha sheria mwaka 2021, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, Kiingereza kikiachiwa nafasi pale haki inapokihitaji. Ni hatua kubwa. Historia ya Waingereza inatuonya tusiridhike na tangazo. Tabaka linalokula kwa lugha ngeni halitaiacha kwa sababu imeandikwa hivyo.

Wajibu wa kada

Kutokana na uchambuzi huu tunapata mafunzo matatu. La kwanza, neno la mtu wa kawaida hushuka pale mtu mwenyewe anapopoteza ardhi, mamlaka na sauti. Kwa hiyo haifai kuhangaika kusafisha kamusi huku tukiacha mali ya wote ikiliwa. La pili, neno likishashuka huendelea kuumiza lenyewe, maana huwafundisha watoto kumcheka mzazi wao. Kwa hiyo haifai pia kusema kwamba tutashughulikia uchumi tu na maneno yatajirekebisha. La tatu, walioonewa wanaweza kulinyakua neno, kama wapagazi walivyolinyakua jina la uungwana.

Kada anayekwenda kijijini na aanze na ulimi wake. Akisema mshamba, ajisahihishe mbele ya watu. Akisoma hati inayohusu ardhi ya kijiji, asiseme "hii ni lugha ya kisheria tu"; aieleze kila neno mpaka mzee wa mwisho mkutanoni aridhike, na lile asiloweza kulieleza asimwombe mtu alitie sahihi. Anapoulizwa swali analoliona dogo, akumbuke kwamba udogo wa swali la njia panda uliamuliwa na watu ambao hawakuwa wakitembea kwa miguu.

Yako maneno tunayoyatumia sote katika hotuba, kwa nia njema: mwananchi wa kawaida. Tunasema bei zimempanda mwananchi wa kawaida, huduma zimfikie mwananchi wa kawaida. Tuyafikirie tena. Kama yuko mwananchi wa kawaida, basi tumekiri kwamba yuko na mwingine asiye wa kawaida, na anayeyasema maneno hayo kwa kawaida hujihesabu katika kundi hilo la pili. Kwa Kiingereza hilo halimshtui mtu, maana nchi yao ina Baraza la Makabaila mpaka leo. Kwa Kiswahili lingetushtua. Mwananchi ni mwananchi, na kawaida ni msingi. Pale Kibaoni kibao hakielekezi njia moja kwa mkubwa na nyingine kwa mdogo. Kinaonyesha Mpanda, Sumbawanga na Inyonga, na kila anayefika hapo, kwa gari au kwa miguu, hukisoma kile kile.